Hemingway: Mwandishi aliyefunzwa bahari na manahodha wa boti za kukodi

WAKAZI wa Watamu na Malindi wanalifahamu jina la Ernest Hemingway kutokana na hoteli inayoitwa kwa jina lake, na kutokana na boti za uvuvi wa burudani zinazong'oa nanga alfajiri msimu wa kaskazi zikiwa na wageni waliolipia siku nzima. Wapenzi wa vitabu nao wanamjua kama mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 1954.

Ni wachache wanaofahamu kwamba bingwa huyo wa hadithi za bahari hakuzaliwa pwani, na kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika kuhusu maji ya chumvi alifunzwa na manahodha waliokuwa wakijipatia riziki kwa kukodisha boti zao.

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899 mjini Oak Park, jimbo la Illinois, katikati ya bara la Marekani. Babake, Clarence, alikuwa daktari na ndiye aliyemshikisha mshipi akiwa bado mtoto mdogo, katika ziwa Walloon jimboni Michigan ambako familia hiyo ilikuwa ikipumzika kila kiangazi. Huo ulikuwa uvuvi wa mito na maziwa. Mnamo 1918 alijeruhiwa nchini Italia akihudumu kama dereva wa ambulansi ya Msalaba Mwekundu, na baadaye akaishi Paris kama mwanahabari na mwandishi chipukizi.

Bahari aliipata kwa bahati. Aprili 1928, yeye na mke wake wa pili, Pauline, waliteremka kutoka melini katika kisiwa cha Key West, ncha ya kusini ya Florida. Nia yao ilikuwa kuchukua gari jipya walilotuzwa na mjombake Pauline, kisha waendelee na safari. Gari likachelewa. Asubuhi Hemingway akawa anaandika riwaya yake ya vita vya Italia, na alasiri anakwenda gatini na kamba yake ya kuvulia. Gari lilipofika, tayari alikuwa ameshanasa.

Hapo gatini ndipo alipokutana na watu waliombadilisha. Wa kwanza ni Edward Saunders, maarufu kama Bra, nahodha mwenye asili ya visiwa vya Bahamas ambaye alijua kila fungu la mchanga na kila mlango wa maji baina ya Key West na visiwa vya Dry Tortugas. Saunders alimfundisha uvuvi wa karibu na pwani: jinsi ya kumfuata tarpon, samaki mkubwa mwenye magamba mapana ya rangi ya fedha, anapoingia katika mikondo ya maji kupwa na kujaa, na jinsi ya kumlegezea mshipi anaporuka juu ili asiukate.

Ni Saunders pia aliyemsimulia juu ya meli ya Kihispania, Valbanera, iliyozama mwaka 1919 magharibi mwa Key West ikiwa na watu zaidi ya 400. Simulizi hiyo aliigeuza kuwa hadithi fupi iliyochapishwa 1932. Msomaji anayeisoma leo huona jina la Hemingway pekee juu ya ukurasa.

Machi 1930 alionja upande mwingine wa kazi ya manahodha. Upepo mkali uliwakwamisha yeye na marafiki, akiwemo mhariri wake Maxwell Perkins kutoka New York, katika ngome kuukuu ya Dry Tortugas kwa zaidi ya wiki mbili. Walikula samaki waliovua wenyewe mpaka bahari ilipotulia.

Nahodha wa pili alikuwa Joe Russell, na huyu alikuwa mtu wa aina yake. Serikali ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920, naye Russell alikuwa na baa ya siri mjini Key West na boti iitwayo Anita, ambayo kwayo alivusha pombe ya magendo kutoka Cuba. Wateja wa uvuvi walipokuwapo, Anita ilibeba wateja. Aprili 1932 Hemingway aliikodi kwenda Havana kwa siku chache tu. Akakaa takriban miezi miwili.

Huko Cuba alimpata mwalimu wa tatu, Carlos Gutiérrez, mvuvi aliyekuwa amehesabu samaki wake kwa miaka mingi na aliyewajua nduaro, wale samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama upanga, kuliko mtu yeyote aliyekuwa Hemingway ameonana naye. Gutiérrez alimweleza kwamba mkondo mkuu wa bahari hupita karibu mno na Havana ukielekea mashariki, na nduaro huogelea kuukabili. Upepo wa kaskazini mashariki unapovuma dhidi ya mkondo huo, mawimbi huinuka na samaki hupanda juu kuwinda. Wale wadogo, weupe, hutangulia majira ya Aprili na Mei. Wakubwa huja kiangazi kikikolea. Chambo nacho kina kanuni zake: huwekwa katika vina tofauti, na mvuvi hapaswi kukaza mshipi kabla samaki hajameza.

Masomo hayo yalizaa matunda. Msimu wa 1933 pekee Hemingway alivua zaidi ya nduaro 50, mmoja wao akiwa na uzani wa takriban kilo 212. Gutiérrez pia ndiye aliyempa kisa cha mzee aliyenasa nduaro mkubwa akiwa peke yake ndani ya mtumbwi, akavutwa mbali na pwani, na hatimaye akaokotwa akilia baada ya papa kumla samaki wake. Hemingway alikiandika kwa aya chache katika jarida la Esquire mwaka 1936. Kisha akakihifadhi moyoni kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Ni katika kipindi hicho alipofika kwetu mara ya kwanza. Alishuka Mombasa Desemba 1933 kwa safari ya uwindaji iliyoongozwa na mwindaji mashuhuri Philip Percival. Aliugua kuhara damu hadi akasafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi, na safari ilipokwisha, Februari 1934, akateremka Malindi kuvua akisubiri meli ya kurudi Ulaya. Alikuwa tena mteja ndani ya chombo cha wengine.

Pengine hapo ndipo alipochoka kukodi. Aliporejea New York aliagiza boti yake mwenyewe kutoka kiwanda cha Wheeler huko Brooklyn, yenye urefu wa futi 38 na bei ya dola 7,495, sehemu ya fedha hizo akilipwa mapema na Esquire kwa makala ambayo hakuwa ameyaandika. Akaiita Pilar. Gutiérrez akawa baharia wake, na kuanzia 1938 nafasi hiyo ikachukuliwa na Gregorio Fuentes, mzaliwa wa visiwa vya Canary aliyelelewa Cuba.

Kumiliki boti hakukumfanya nahodha kwa siku moja. Aprili 1935, akielekea Bimini, alijaribu kumpiga risasi papa aliyekuwa amevutwa kando ya boti, na risasi ikagonga chuma na kumrudia miguuni. Ikabidi wageuze. Mwezi uliofuata, rafiki yake mchoraji Henry Strater alimnasa nduaro mkubwa ajabu. Papa walipotokea, Hemingway alianza kuwafyatulia bunduki ya rashasha, na damu yao ikawaita papa wengine wengi. Nusu ya samaki ililiwa. Iliyosalia ilikuwa na uzani wa kilo 226 hivi. Strater hakumsamehe. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, aibu ya siku hiyo imo ndani ya hadithi ya yule mzee sawasawa na kisa cha Gutiérrez.

Septemba 1935 kimbunga kikali kiliwaua mamia ya watu katika visiwa vya kaskazini ya Key West, wengi wao wakiwa wanajeshi wastaafu walioajiriwa na serikali kujenga barabara na kuachwa katika kambi za mahema wakati dhoruba ikija. Hemingway alikwenda huko kwa boti pamoja na Saunders kupeleka msaada, akaona maiti zilizonasa mikokoni. Makala aliyoyaandika kuwalaumu wakuu waliowaacha ni miongoni mwa maandishi yake makali zaidi.

Riwaya aliyoitoa 1937, To Have and Have Not, inamhusu nahodha wa boti ya kukodi wa Key West. Inaanza na mteja tajiri anayepoteza vifaa ghali vya nahodha kwa uzembe, kisha anatoroka kwa ndege bila kulipa deni lake. Nahodha anabaki na familia, mafuta ya kununua na msimu uliokwisha, na anaingia katika magendo. Waliomfahamu Joe Russell hawakupata taabu kumtambua. Russell alifariki Havana mwaka 1941, akiwa amemtembelea rafiki yake.

The Old Man and the Sea ilitoka Septemba 1952 katika jarida la Life, na nakala milioni tano zikauzwa kwa siku mbili. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Mhusika wake anaishi katika kijiji mithili ya Cojímar, alikokuwa akiegesha Pilar na alikoishi Fuentes.

Akiwa katika kilele hicho ndipo aliporudi Afrika Mashariki. Januari 1954 ndege aliyopanda na mkewe wa nne, Mary, ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Ndege ya pili iliyokuja kuwachukua ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka kutoka Butiaba. Magazeti ya dunia yalitangaza kifo chake, naye akasoma tanzia zake mwenyewe akiwa Nairobi na majeraha ya kichwa, uti wa mgongo, ini na figo.

Hata hivyo, hakukubali kuikosa safari ya uvuvi iliyokuwa imepangwa. Februari alishuka Shimoni, mkabala wa kisiwa cha Wasini, ambako maji ya mkondo wa Pemba ni mazito kwa nduaro na jodari. Hali yake haikumruhusu kuvua ipasavyo. Moto ulipozuka kichakani karibu na kambi, alikwenda kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake na kuungua vibaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya mwisho katika pwani yetu. Hakupona kabisa, na mwaka huo huo alishindwa kwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobeli.

Aliondoka Cuba Julai 1960. Julai 2, 1961 alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho, kama babake alivyojiua mwaka 1928.

Pilar ilibaki Cuba, na sasa imewekwa nchi kavu katika ua wa nyumba yake ya zamani, Finca Vigía. Fuentes aliendelea kuishi Cojímar hadi alipofariki Januari 2002 akiwa na umri wa miaka 104. Mwaka 1962 wavuvi wa kijiji hicho walitaka kumjengea Hemingway sanamu lakini hakukuwa na shaba ya kutosha. Wakatoa rafadha na vyuma vya boti zao vikayeyushwa, na kutoka humo kikachongwa kichwa chake kinachosimama hadi leo kando ya maji.