Röntgen: Mtafiti Aliyekosa Cheti

Nani kati yetu hajasikia habari za eksirei? Ukivunjika mguu uwanjani, daktari hukutuma kwanza ukapigwe picha ya mifupa. Lakini aliyegundua miali hiyo wengi hatumjui. Niliposoma maisha yake nilistaajabu, nikaona heri niwasimulie.

Aliitwa Wilhelm Conrad Röntgen. Alizaliwa Lennep, Ujerumani, tarehe 27 Machi 1845, akalelewa Uholanzi. Alipokuwa akisoma Utrecht, mwenzake alimchora mwalimu kwa mzaha. Röntgen akatakiwa amtaje mchoraji, akakataa katakata. Kumbe kunyamaza kutamponza! Alifukuzwa shule, akabaki bila cheti.

Je, alikata tamaa? Hata kidogo! Alisikia kwamba chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, hupokea hata wasio na cheti hicho. Akajiunga nacho mwaka 1865, na mwaka 1869 akapata udaktari. Si ule wa kutibu wagonjwa, bali wa utafiti. Mwalimu wake, August Kundt, akamfanya msaidizi wake wa maabara.

Wawili hao walihamia Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Huko wakuu walikataa kumpa Röntgen ruhusa ya kufundisha, ati hana cheti cha sekondari! Hebu fikiria, daktari mzima! Kundt hakumtupa. Alikwenda naye Strasbourg mwaka 1872, na huko ndiko alikopewa ruhusa hiyo mwaka 1874. Hatimaye, mwaka 1888, Würzburg ileile ikamwita awe profesa wa fizikia.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, alikuwa akipitisha umeme katika mrija wa kioo uliotolewa hewa na kufunikwa kwa karatasi nyeusi. Ghafla, kipande cha karatasi kilichopakwa kemikali kikang'aa gizani. Kwa majuma kadhaa alichunguza jambo hilo, hata akawa anakula na kulala maabarani. Tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa na pete vikaonekana waziwazi.

Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Pesa zake alikipa chuo cha Würzburg, na hakutaka hataza, ili ugunduzi huo uwafae watu wote. Alifariki Munich tarehe 10 Februari 1923.

Ndugu zangu, sisemi tuudharau mtihani wa kidato cha nne. Röntgen mwenyewe alizungushwa miaka mingi kwa kukosa karatasi moja. Ila nasema hivi: mwenzetu akianguka, tusimcheke wala tusimfungie mlango. Hadi leo, wanaosomea udaktari wa utafiti wa picha za mwili humhitaji mwalimu wa kuwaongoza, kama Kundt. Huenda mtafiti wetu wa kesho yuko dawati la nyuma, anangoja tu mtu wa kumwamini. Mvumilivu hula mbivu!