Albrecht von Haller na Mishipa ya Tumbo

Sisi tunaosoma habari za mwili huona kitabuni picha moja tu ya mishipa ya tumbo, tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Nataka kuwaelezeni habari za mtu ambaye picha moja haikumtosha.

Albrecht von Haller alizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1708. Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili, lakini mwenye uchu wa vitabu. Alisoma uganga Leiden, Uholanzi, kwa Boerhaave, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima, akapata shahada mwaka 1727 kabla hajatimiza miaka 19. (Mimi ninayo 19, na bado nimo darasani!) Alikuwa mshairi pia, utenzi wake juu ya milima ya Alps ulipigwa chapa mwaka 1732.

Mwaka 1736 aliitwa kufundisha Göttingen, Ujerumani. Mara baada ya kufika, mkewe Marianne akafariki. Hata hivyo alikaa huko miaka 17, akipasua maiti baada ya maiti, na kuanzia mwaka 1743 akatoa picha kubwa za mishipa.

Basi, sikilizeni. Mshipa mkuu ushukao kutoka moyoni hutoa mashina matatu mbele kulisha tumbo na matumbo. Shina la juu hugawanyika mara tatu: tawi moja huenda kwenye mfuko wa chakula, la pili kwenye ini, la tatu kwenye wengu. Waganga hata leo huliita kigoda cha Haller, kwa ile miguu yake mitatu. Lakini si watu wote walio na kigoda kamili. Kwa wengine mguu mmoja huota peke yake katika mshipa mkuu. Kwa wengine tawi la ini hutoka katika shina la pili, lile la utumbo mwembamba. Na kwa wachache mashina hayo mawili hutoka kwa mlango mmoja. Mpasuaji asiyejua hayo aweza kufunga mshipa akidhani ni wa utumbo tu, kumbe ameninyima ini damu! Ndiyo maana Haller alilinganisha miili mingi, akiandika lipi hutokea mara nyingi na lipi kwa nadra. Kwangu mimi, kazi hiyo yashinda mashairi yake yote.

Mwaka 1753 alirudi Bern, akaandika vitabu vinane juu ya kazi za mwili. Alifariki tarehe 12 Desemba 1777. Husimuliwa kwamba alijishika mkono akipima mapigo ya mshipa wake, hata akamwarifu mganga aliyekuwa kando yake kuwa umenyamaza.