A. M. Jeevanjee: Mgeni Aliyepewa Jembe Akanyimwa Shamba

Utangulizi

Wahenga wetu walituachia methali mbili mashuhuri kuhusu mgeni. Ya kwanza humwita aje ili mwenyeji apone. Ya pili humpa siku mbili za kula na kupumzika, kisha siku ya tatu humkabidhi jembe. Methali hizi hufundishwa pamoja darasani, lakini aghalabu tunasahau jambo ambalo methali ya pili inalichukulia kuwa wazi: anayepewa jembe huonyeshwa pia mahali pa kulima. Jembe bila shamba si ukarimu bali ni utumishi.

Makala haya yanasimulia maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee (1856–1936), mfanyabiashara na mwanasiasa ambaye jina lake limebaki katika bustani iliyo katikati ya jiji la Nairobi. Tunamtazama tukiwa Gitothua, mojawapo ya wadi za Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Enzi za ukoloni ardhi ya Ruiru ilitawaliwa na mashamba makubwa ya walowezi. Leo mikahawa mingi imeng'olewa, na mahali pake pamesimama majumba ya kupangisha. Wakazi wake wengi walihamia kutoka pembe mbalimbali za Kenya, na miongoni mwa majirani wamo waliovuka mipaka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Swali la nani ana haki ya kuishi mjini lingalipo hapa. Jeevanjee alikabiliana nalo zaidi ya karne moja iliyopita.

Kutoka Karachi hadi Mombasa

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika jamii ya Mabohora. Hakurithi utajiri. Aliondoka kwao angali kijana, akatangatanga akichuuza bidhaa, na mwaka 1886 alifika Adelaide nchini Australia, ambako aliendeleza biashara yake ya bidhaa za Mashariki. Mwaka 1890 alifungua tawi la biashara Mombasa. Kwa hivyo, alipofika pwani yetu alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuonja ugeni katika zaidi ya nchi moja.

Wakati huo Waingereza walikuwa wakijiandaa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Kampuni ya Jeevanjee ilipata kandarasi za kuleta wafanyakazi kutoka India na kuwapatia chakula, na baadaye kandarasi za ujenzi. Katika kipindi cha ujenzi wa reli, kuanzia 1896 hadi 1901, Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mikataba. Karibu 2,500 walikufa, wengine wengi walirejea kwao, na takriban 6,700 walibaki. Hawa ndio waliopewa jembe. Ikumbukwe kwamba Jeevanjee hakuwa mmoja wa vibarua hao. Alitajirika kutokana na kazi yao. Sifa zake hazipaswi kutusahaulisha jambo hilo.

Mjenzi wa Nairobi

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa tambarare yenye vinamasi. Jeevanjee akawa miongoni mwa waliopageuza kuwa mji. Alijenga majengo ya serikali, nyumba za kupangisha na soko lililobeba jina lake, hata akawa mmoja wa wamiliki wakubwa wa majumba mjini. Mwaka 1901 alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa. Aliliuza mwaka 1905, likabadilishwa jina na kuwa East African Standard. Gazeti hilo lililoanzishwa na Mhindi ndilo lililogeuka kuwa sauti ya walowezi waliompinga.

Mwaka 1906 alitoa zawadi iliyoliweka jina lake midomoni mwa watu hadi leo. Alitenga bustani ya ekari tano katikati ya mji, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria, akaikabidhi kwa umma. Yamkini sanamu ile ilikuwa dai la kisiasa: kwamba Mhindi na mlowezi wote ni raia wa dola moja, na kwa hivyo wana haki sawa ya kuishi chini yake.

Mlango uliofungwa

Dai hilo halikukubaliwa. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi uliteketezwa kwa amri ya serikali. Tangu hapo, hoja ya usafi ikawa kisingizio cha kuwatenga watu kwa rangi zao. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni, alithibitisha kuwa mashamba ya Nyanda za Juu, kutoka Kiu hadi Fort Ternan, yangetolewa kwa Wazungu pekee. Ruiru na Thika zilikuwa ndani ya eneo hilo. Mhindi aliweza kufungua duka katika mji kama Thika, lakini hakuruhusiwa kupewa shamba nje ya mji huo.

Tofauti inadhihirika tukimtazama mgeni mwingine aliyeishi jirani na Ruiru. William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, alipata maelfu ya ekari huko Juja, ambako alimkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Yeye na Jeevanjee wote walitoka ng'ambo, na Jeevanjee ndiye aliyetangulia kufika. Hata hivyo, mmoja aliitwa mlowezi na mwingine mhamiaji. Baada ya McMillan kufariki mwaka 1925, mjane wake alijenga maktaba ya kumbukumbu mjini Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931. Wasomaji wasio Wazungu hawakuruhusiwa kuingia hadi mwaka 1958. Kwa zaidi ya robo karne, mji mmoja ulikuwa na kumbukumbu mbili za wageni wawili: bustani iliyotolewa kwa umma na maktaba iliyofungiwa umma.

Mpambano wa siasa

Mwaka 1910 Jeevanjee aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Huko alijikuta peke yake mbele ya walowezi na maofisa wa serikali. Mwaka huohuo alikwenda London na kuyaeleza magazeti jinsi Wahindi walivyonyimwa ardhi na kudhalilishwa, na mwaka 1912 alichapisha kijitabu kuhusu madai hayo. Chama cha East African Indian National Congress kilipoanzishwa mwaka 1914, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wakati huohuo Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyezuru nchi mwaka 1913, alikuwa amependekeza miji igawanywe kwa rangi. Nayo sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka kwa watu wa rangi moja hadi kwa wa rangi nyingine.

Tamko la Devonshire la mwaka 1923 lilileta matokeo mchanganyiko. Wahindi walikataliwa orodha moja ya wapiga kura, na Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu. Hata hivyo, mpango wa kutenganisha makazi mijini kisheria uliachwa. Huo ulikuwa ushindi, ingawa hati za umiliki zenye masharti ya ubaguzi ziliendelea kutenda kazi ileile kimyakimya.

Hapa hatuna budi kumhakiki Jeevanjee mwenyewe. Akiwa London mwaka 1910 alifika kiasi cha kupendekeza nchi hii iunganishwe na India. Katika pendekezo hilo Mwafrika hakuulizwa neno. Mgeni aliyedai kuonyeshwa shamba hakumuuliza mwenyeji ambaye shamba lake lilikuwa limekwisha kutwaliwa. Wakati huo wenyeji wa Kiambu walikuwa wakigeuzwa maskwota kwenye ardhi ya baba zao, na muda si mrefu kipande kingening'inizwa shingoni mwao. Ilibidi aje mtu kama Manilal Desai, mwanahabari aliyeshirikiana na Harry Thuku mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndipo ionekane kwamba haki ya mgeni na haki ya mwenyeji hazitengani.

Lugha iliyotangulia sheria

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili kuna funzo la ziada. Sheria ilipokuwa ikibishana kuhusu Wahindi, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwapokea. Maneno gari, laki, bima na chapati yana asili ya Kihindi, na baadhi yake huenda yalitangulia reli kwa muda mrefu. Kiswahili hakikuyatengea mtaa. Gari lilipewa kiambishi likawa magari. Cheti lilipangwa pamoja na kiti na kisu, wingi wake ukawa vyeti, kana kwamba lilizaliwa katika ngeli hiyo. Neno la kigeni hupewa kazi na nafasi katika sentensi kwa pamoja.

Tamati

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, mali yake nyingi ikiwa imemtoka. Bustani ilibaki. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kujenga maegesho na maduka juu yake, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, na mpango ukasimama. Sanamu ya Malkia iliangushwa mwaka 2015, lakini wananchi wanaendelea kukaa kwenye nyasi zile, wakihubiri na kujadili siasa bila kuulizwa asili yao. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya nchi, miaka 81 baada ya kifo cha Jeevanjee.

Hata hivyo, mlango haufunguliwi mara moja ukabaki wazi. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliwaamuru wakimbizi waishio mijini wahamie kambini. Mahakama Kuu ikaitangua amri hiyo mwaka 2013. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako na wengine kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, safari fupi ya matatu kutoka Ruiru. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua njia pana zaidi ya mkimbizi kufanya kazi. Hilo ni jembe. Shamba lake ni mwenye nyumba wa Gitothua atakayempangisha bila kumtoza zaidi, shule itakayompokea mtoto wake, na askari atakayesoma kitambulisho chake bila kunyoosha mkono. Hayo hayangoji Bunge. Yanawangoja wenyeji, na wengi wetu hapa ni wageni wa juzi tu.