Michael Graham: Mtafiti aliyeonya kabla sangara hajaletwa

Ukifika mwalo wowote karibu na Nyegezi, Mwanza, utakuta sangara na sato. Wote hao ni wageni Ziwa Victoria. Mwenyeji ni ngege, ambaye jina lake la kisayansi alipewa mwaka 1928 na Mwingereza Michael Graham.

Graham, aliyezaliwa 1898, aliongoza utafiti wa samaki ziwani humo mwaka 1927 na 1928, wakati ngege wameanza kuadimika. Alishauri nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5. Akaonya pia kwamba kuleta samaki mla wenzake bila kufanya utafiti wa kina ni hatari kubwa.

Ushauri wa nyavu ulifuatwa kwa muda tu. Onyo likapuuzwa: miaka ya 1950 na 1960 sangara akapandikizwa. Sato naye akaletwa, akazaana na ngege.

Graham alifariki 1972, kabla sangara hajamaliza furu wengi.

Leo ngege amebaki zaidi kwenye maziwa madogo, kama Kanyaboli nchini Kenya. Vipimo vya vinasaba ndivyo vinavyomtenganisha na chotara. Bila vipimo hivyo, mtu anaweza kupandikiza chotara akidhani anamrudisha ngege.