Mzee wa Picha Ukutani

Kisa hiki kilianzia Kisauni kikanifikisha Japani, bila ya pasi wala nauli.

Mwana wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na minne, alinijia baada ya sala ya Ijumaa akaniomba nimwombee ruhusa kwa mama yake aingie chuo cha karate. Chuo chenyewe ni ukumbi wa kukodi wenye sakafu ya saruji na paa la mabati, na vijana kiasi cha thelathini hukutana humo mara tatu kwa juma, baina ya alasiri na magharibi. Dada yangu alikuwa amekwisha kataa, naye alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, mitaa yetu imeteseka vya kutosha kwa vijana wa mapanga, hakutaka na wake afundishwe kupiga watu. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Jirani alimwambia kwamba watoto wale, kabla ya kuanza mazoezi, huiinamia picha ya mzee wa Kijapani iliyotundikwa ukutani. Sisi rukuu na sijida zetu ni za Mwenyezi Mungu peke yake, na mama aliyemsomesha mwanawe mpaka akahitimu Kurani hakuwa tayari kumwona akimrukuia mtu, tena maiti.

Nikaenda kuona kwa macho yangu. Mwalimu, mtu wa makamo atokaye Likoni, avukaye feri kila siku ya mafunzo, alinipa kiti kwa heshima. Picha niliiona: mzee mwembamba, nywele fupi, amevaa mavazi mapana ya kwao, ametulia kama mtu angojaye zamu yake kusema. Niliuliza ni nani. Nikajibiwa ni Funakoshi, baba wa karate, na mbele ya hapo mwalimu hakuwa na mengi. Jambo hili halikunipendeza. Mtu anainamiwa na watoto wetu mara tatu kwa juma, na hapana ajuaye alikuwa mtu wa namna gani! Basi nikaanza kumsoma. Bahati njema, mzee mwenyewe aliyaandika maisha yake alipokuwa na umri mkubwa.

Gichin Funakoshi alizaliwa Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, mwaka 1868. Mtu wa Mombasa hatapata taabu kukielewa kisiwa hicho. Kilikuwa na wafalme wake na lugha yake, na vyombo vyake vya baharini vilifanya biashara na China, Siam na Malaka. Mwaka 1609 wakaja watu wa Satsuma kutoka Japani wakakitia chini ya amri yao, na mwaka 1879, Funakoshi akiwa mtoto, ufalme wenyewe ukafutwa na kisiwa kikafanywa mkoa wa Japani. Husimuliwa kwamba watu wa huko walipokatazwa silaha ndipo walipoigeuza mikono na miguu yao kuwa silaha. Hadithi hii ni tamu, lakini wataalamu hawaikubali yote. Lililo yakini ni kwamba elimu ile ya mapigano ilichanganya ya kwao na iliyotoka China, na ilifundishwa kwa siri.

Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akawa mtoto wa maradhi ambaye jamaa hawakumtazamia maisha marefu. Alilelewa kwa wazazi wa mama yake, na babu akamsomesha vitabu vya kale vya Kichina kwa kukariri. Nilipofika hapa nilicheka peke yangu. Mtoto ameketi mbele ya babu, anasoma kwa moyo maneno ambayo maana yake atakuja kuijua ukubwani. Hicho ni chuo chetu hasa, umekosekana ubao na bakora tu!

Shuleni rafiki yake alikuwa mwana wa bwana mmoja wa ukoo mkubwa, jina lake Azato, bingwa wa karate. Kwa bwana huyo ndiko alikoanza kujifunza, na afya yake ikatengenea. Mafunzo yalikuwa usiku. Kijana hutoka kwao na taa ya mkono, akenda kwa mwalimu wake, akarudi alfajiri, na majirani waliomwona wakaanza kunong'ona kwamba bila ya shaka anakwenda kwa wanawake wabaya. Hakuweza kuwajibu, kwa kuwa siri haikuwa yake.

Huko uani kwa Azato alikuwa akifanya kata. Neno hili lisidhaniwe ni kukata, wala kata yetu ya kutekea maji mtungini. Kwao ni mfululizo wa mapigo na vizuizi uliopangwa, mtu akaufanya peke yake kama apiganaye na watu asiowaona. Mwalimu huketi barazani ametazama. Kata ikimalizika humwambia airudie. Ikirudiwa, airudie tena. Mwezi ukapita, miezi ikapita, kata ni ile ile, na sifa kubwa kabisa aliyopata kupewa ilikuwa neno moja la kukubali. Kata tatu za kwanza zilimchukua kiasi cha miaka kumi. Mwalimu wake wa pili, Itosu, alifuata mwendo uo huo, na huyo ndiye aliyekuja kuitoa karate uani na kuipeleka katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20.

Alitaka kuwa daktari. Sitalificha hili, kwani yeye hakulificha: tarehe yake ya kuzaliwa iligeuzwa ikaandikwa 1870, ili aruhusiwe kuingia katika mtihani. Alifaulu, asiende. Serikali mpya ya Japani ilikuwa imepiga vita kishungi cha nywele ambacho wanaume wa kale wa Okinawa walikifunga utosini, na ukoo wake ulikuwa katika wale walioshikilia kwamba kukikata ni kuwatupa mababu. Wazee wetu wa pwani nao walikataa kuwapeleka watoto skuli za serikali na za misheni, wakihofu watarudi si wao tena. Basi mimi siwacheki wazee wa Shuri. Mwaka 1888 kijana alipata kazi ya ualimu msaidizi, na kazi haikutaka kishungi. Akakikata. Alipoingia nyumbani baba yake alighadhibika, na mama yake akatokea mlango wa nyuma akakimbilia kwa wazazi wake.

Akafundisha skuli zaidi ya miaka thelathini, kwa mshahara mdogo na nyumba iliyojaa watu. Mkewe alifuma nguo na kulima mboga ili wapate kula, na usiku, kwa kumtazama mumewe, akaijua karate naye.

Kisa kimoja cha miaka hiyo nakipenda kuliko vyote. Alikuwa akipita njia ya upweke usiku, amechukua maandazi ya kwao ya kuwekwa mahali pa kuwakumbuka wakwe zake waliokufa. Watu wawili wakamzuia, wakamtaka pesa. Hakuwa nazo. Wakataka ugomvi, asiwape. Mwisho akawapa yale maandazi, wakaenda zao. Mtu aliyekuwa na miaka yote ile ya mazoezi usiku! Aliporudi kwa walimu wake akawasimulia, na Azato akamsifu kwamba sasa ndipo alipoanza kujua.

Mwaka 1921 mrithi wa ufalme wa Japani, Hirohito, alipita Okinawa akielekea Ulaya, na Funakoshi akaongoza maonyesho ya karate mbele yake katika ngome ya Shuri. Mwaka uliofuata akatumwa Tokyo kuionyesha katika maonyesho ya Wizara ya Elimu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, umri ambao wengi wetu twahesabu siku za kustaafu. Aliaga kama mtu anayekwenda siku chache. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, akamwalika kwake Kodokan, wengine wakamwomba abaki kidogo awafundishe, na kidogo hicho kikawa maisha yake yote yaliyobaki.

Asidhani mtu kwamba alipokewa kwa zulia. Alikaa katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, akapewa chumba kidogo, na ili apate kukaa akawa bawabu, mfagizi na mtunza bustani. Mpishi wa bweni alimpunguzia bei ya chakula kwa kufundishwa karate. Siku za dhiki alipeleka nguo zake kuweka rehani. Mwaka 1922 alitoa kitabu chake cha kwanza, na tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa likaiangusha Tokyo. Vibao vya kuchapia kitabu vikateketea, na katika wanafunzi wake wako waliokufa. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Keio kikafungua chama cha karate chini yake, vyuo vingine vikafuata, na njia ikaanza kunyooka.

Hapa wapenzi wa lugha watege sikio. Zamani jina karate liliandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa China. Funakoshi akalifadhilisha kuandikwa kwa alama nyingine, yenye sauti ile ile kara, ila maana yake ni tupu, ikawa mkono mtupu. Sisi tuliosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu twajua maandishi mamoja kusomwa kwa namna mbili. Kwao ni kinyume, sauti moja kwa maandishi mawili. Wako wazee wa Okinawa waliokasirika, wakaona amekiuza cha kwao awapendeze Wajapani, wakati ambapo China haikupendwa. Nami naona walikuwa na haki kidogo. Lakini yeye aliutaka utupu huo uwe ni kutokuwa na silaha mkononi wala uovu moyoni.

Kumbe mzee alikuwa mshairi! Ujanani, akichoka, alipenda kutembea chini ya misonobari ya kilima kilicho karibu na Shuri, akisikiliza upepo majanini, na mashairi yake akayatia saini kwa lakabu Shoto, yaani mawimbi ya misonobari. Aliyepata kukaa chini ya mivinje ya ufuo wa Shelly, kule Likoni, pepo za kusi zikivuma, hahitaji kufafanuliwa. Wanafunzi wake walipochanga fedha wakamjengea ukumbi Tokyo, mwishoni mwa miaka ya 1930, waliandika mlangoni Shotokan, nyumba ya Shoto. Vijana wangapi wa Kisauni na Changamwe wana neno hilo vifuani, wasijue kwamba wamevaa lakabu ya mshairi?

Mwaka 1945 ukamjia na yake. Mabomu yaliuchoma ukumbi. Mwanawe Yoshitaka, aliyekuwa nguzo ya mafunzo, alikufa kwa kifua kikuu. Okinawa ikawa uwanja wa vita. Mkewe alikuwa amebaki huko miaka yote, akikataa kuyaacha makaburi ya wazee. Sasa akawa mkimbizi, akafika Oita katika kisiwa cha Kyushu. Funakoshi akamfuata. Wakaishi pamoja tena, kwa tabu na njaa ya baada ya vita, mpaka bibi alipofariki mwaka 1947.

Akarudi Tokyo peke yake. Usiku mmoja, umri wake ukikaribia miaka themanini, alikuwa akitoka katika mkutano wa washairi, mtu akamvamia amwibie. Mzee aliinama chini, akamshika mahali ambapo mwanamume akishikwa hana la kusema, akamzuia hivyo mpaka polisi akapita. Mtu mwingine angalikitembeza kisa hiki baraza zote. Yeye alikiandika kwa haya. Aligundua kwamba yule alikuwa askari aliyerudi vitani hana kazi, na akajilaumu kwa kuvunja kanuni aliyoifundisha umri wake wote, kwamba mwenye karate hatangulii kushambulia.

Alifariki tarehe 26 Aprili 1957. Hakuyapenda mashindano, na mashindano makuu ya kwanza ya chama alichokuwa mkuu wake wa heshima yalifanywa Oktoba ya mwaka uo huo, yeye hayupo.

Na kuinama je? Katika kanuni ishirini alizoacha, ya kwanza yasema karate huanza na kumalizika kwa rei. Neno hilo lina maana mbili kwa pamoja, kuinama na adabu. Watoto wetu walikuwa wamepewa ile moja tu. Mimi si mufti, nikamweleza imamu wetu, naye akasema adabu hutimia kwa mkono kifuani na salamu. Mwalimu wa Likoni hakubisha. Aliitoa picha mbele ya safu akaitundika karibu na mlango, na vijana wasio Waislamu wakaachwa na desturi yao.

Nilimsimulia dada yangu maisha haya yote jioni moja barazani. Ya ngumi hakuuliza hata moja. Aliuliza yule mke alikula nini miaka yote ile mumewe yuko Tokyo. Nilimweleza nilichokijua. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kijana aende, ila adhana ya magharibi imkute nyumbani.

Huu ni mwezi wa tatu. Juzi mpwa wangu alikuja kunilalamikia kwamba wanarudia kata ile ile moja tu.