Kaggia wa Lodwar na Uzuri Usioonekana Kwenye Kioo

Mpenzi msomaji, neno uzuri katika lugha yetu limebeba mzigo wa maana mbili. Twasema sura nzuri, na papo hapo twasema tabia nzuri. Kivumishi ni kimoja, lakini sura hudhihirishwa na macho, ilhali tabia hudhihirishwa na wakati. Hata ndugu zetu Waturkana, wakutanapo njiani, neno lao la salamu, ejok, ni lilo hilo la kutajia kitu kilicho chema. Yamkini wazee waliotuachia lugha hizi hawakuona haja ya kuutenga uzuri na wema.

Kutokuwa na hatia nako kuna utata wake. Mtoto mchanga huitwa malaika kwa sababu hajatenda dhambi. Mshtakiwa aliyeachiliwa na mahakama husemwa kuwa hana hatia. Lakini kijana asiyejua hila za mjini, asiyeghushi wala kulaghai, wenzake humcheka na kumwita mshamba. Hapo ndipo penye donda la zama zetu: usafi wa moyo umefananishwa na ujinga, na ujanja umevishwa taji la urembo.

Jambo hili lilinikabili nikiwa Kakuma, nilikokuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili kuhusu somo la Kiswahili. Mazungumzo yalipokaribia kwisha, msichana mmoja alisimama akataka kujua ni kwa nini walimu huwahimiza kuwa na moyo safi, ilhali watu wanaoheshimiwa katika jamii si wenye moyo safi bali ni wenye magari na majumba. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nilijikokota kwa maneno mawili matatu ya kitaaluma, kengele ikaniokoa.

Njiani nikirejea Lodwar, mwendo wa takriban kilomita 120, ndipo jibu liliponijia, nami nikajuta kwamba limechelewa. Katika mji wa Lodwar imehifadhiwa nyumba ambamo Jomo Kenyatta alizuiliwa na serikali ya kikoloni, na wanafunzi hupelekwa kuitazama. Ni vyema. Lakini Kenyatta hakuwa peke yake katika jangwa lile. Miongoni mwa wenzake alikuwamo mtu ambaye jina lake wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani tu, kisha wakalisahau: Bildad Kaggia.

Bildad Mwaganu Kaggia alizaliwa mapema katika miaka ya 1920, katika familia ya Wakikuyu wasiokuwa na mali. Alisoma shule ya wamishonari ya Kahuhia, Murang'a, na ingawa alikuwa mwanafunzi hodari, umaskini ulimfungia mlango wa masomo ya juu zaidi. Akawa karani katika ofisi ya serikali. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alijiunga na jeshi, akapelekwa Mashariki ya Kati na hatimaye Uingereza. Huko aliona kwa macho yake kwamba Mzungu ni mtu kama watu wengine: yuko maskini, yuko mwenye njaa, yuko mwoga. Aliporejea nyumbani mwaka 1946 hakuwa tena karani yule aliyeondoka. Alianzisha kundi la kidini lililojitenga na makanisa ya wamishonari, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1951 yeye na Fred Kubai wakaushika uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, Kaggia alitiwa nguvuni. Pamoja na Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, alishtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Mnamo tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwatia wote hatiani, akawahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Rufani ya Oneko ilifaulu baadaye, ingawa hakuachiliwa huru. Miaka mitano baada ya hukumu, mnamo 1958, Rawson Macharia, aliyekuwa shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta, alikiri kwa kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Hapa yatupasa tuwe wakweli, kwa sababu makala ya sifa tupu haimfundishi mwanafunzi lolote. Kaggia hakuwa malaika wa mchoro. Alikuwa miongoni mwa waliouongoza mwamko wa siri dhidi ya ukoloni, naye hakulificha hilo alipoandika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1975. Kwa mizani ya sheria ya mkoloni, basi, kulikuwa na mengi ya kumtilia shaka. Usafi ninaouzungumzia hapa si ule wa mtu ambaye hakuthubutu kutenda jambo. Ni usafi wa aina nyingine, nao haukupimwa Kapenguria.

Wafungwa hao walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, karibu na mipaka ya nchi. Aliyewahi kufika huko anajua jua lake lilivyo. Walifanya kazi za sulubu, isipokuwa Kenyatta, ambaye kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Haikuwa familia yenye amani. Kaggia, Kubai na Ngei walikosana na Kenyatta, na kukosana huko kuliacha makovu. Mnamo 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung iliyoeleza mateso yao ilichapishwa katika gazeti la Observer la London, na dunia ikasikia habari za gereza ambalo wengi hawakujua kwamba lipo.

Walipomaliza vifungo vyao mwaka 1959, hawakurudi kwao. Walihamishiwa Lodwar, wakawekwa chini ya amri ya kutotoka. Haikuwa jela tena, wala haukuwa uhuru. Kaggia alirejea nyumbani mwishoni mwa mwaka 1961, akiwa amepoteza takriban miaka tisa ya ujana wake.

Sasa, mpenzi msomaji, tuikaribie nukta yenyewe. Kuna imani iliyoenea kwamba mateso humtakasa mtu. Kwamba aliyekula chumvi ya jangwa hawezi kuwa mchoyo, na aliyeonewa hawezi kuonea. Laiti ingekuwa hivyo! Lokitaung iliwasawazisha watu wote. Wote walikula chakula kimoja, wote walichomwa na jua moja, wala hapakuwa na kitu cha kuiba. Katika hali hiyo ni vigumu kumtambua mwenye tamaa na asiye nayo. Mtihani wa moyo ulikuja baadaye, siku ambayo ghala lilifunguliwa na funguo zikawekwa mikononi mwa waliokuwa wafungwa.

Mwaka 1963 Kaggia alichaguliwa kuwa mbunge wa Kandara, akapewa wadhifa katika Wizara ya Elimu. Ardhi iliyokuwa ya walowezi ilikuwa ikigawanywa. Wenye nafasi serikalini walikuwa karibu na meza, na ilikuwa rahisi kunyosha mkono. Kaggia aliunyosha wake, lakini kwa kuonya. Alishikilia kwamba waliopigania ardhi hawapaswi kutozwa fedha kwa ardhi iliyokuwa yao, na kwamba maskini wasio na shamba ndio wa kufikiriwa kwanza. Aliyasema hayo bungeni, akayaandika, akayarudia. Mwaka 1964 alikuwa tayari nje ya serikali.

Kisha ikaja siku ya Aprili 1965, ambayo naamini kila mwalimu wa historia na wa maadili angefaa kuisimulia. Katika mkutano wa hadhara Kandara, nyumbani kwa Kaggia mwenyewe na mbele ya wapiga kura wake, Rais Kenyatta alimkabili. Alikumbusha kwamba walikuwa jela pamoja. Akawataja wenzao wa kifungo mmoja baada ya mwingine, na mali ambayo kila mmoja alikuwa amejichumia tangu kutoka: huyu nyumba, yule shamba, mwingine mabasi. Kisha akamtaka Kaggia aeleze yeye amejifanyia nini.

Hebu tulitafakari swali hilo. Lilikusudiwa kumwaibisha mtu, na huenda wengi waliohudhuria waliona kweli kwamba ni aibu. Ukilipindua kidogo, ni cheti cha mwenendo mwema ambacho hakuna chuo kinachoweza kumtunukia mtu. Mbele ya umati, mtu mwenye mamlaka kuliko wote nchini alishuhudia kwamba Kaggia alikuwa amepita karibu na ghala na mikono yake ikatoka mitupu.

Sisemi kwamba kuwa na nyumba au shamba ni dhambi. Mali iliyotokana na jasho ni baraka, na hakuna sifa katika umaskini kwa ajili ya umaskini. Ninachosema ni kwamba kipimo kilichotumika siku ile ndicho kipimo kinachotumika hadi leo, nacho ndicho kilichomsumbua yule msichana wa Kakuma.

Kaggia alilipa gharama ya msimamo wake. Mwaka 1966 alijiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU, akawa naibu wake, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo akapoteza kiti chake. Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya nchi aliyoipigania, kwa kuhutubia mkutano uliodaiwa kuwa haukuwa na kibali. Baadaye alirudi KANU, jambo ambalo baadhi ya waliomheshimu hawakulipenda, na akapewa uongozi wa mashirika ya umma, likiwamo la pamba. Hata hivyo hakutoka huko akiwa tajiri. Miaka yake ya uzeeni aliishi maisha ya kawaida kijijini, akiendesha mashine ya kusaga mahindi. Shujaa wa Kapenguria alikuwa akiwasagia majirani unga. Aliaga dunia tarehe 7 Machi 2005, na baadhi ya waliomlilia ni wale waliokuwa wamemcheka.

Je, Kaggia alikuwa mjinga? Hili ndilo swali ambalo vijana huliuliza, na si vyema tulikwepe. Mjinga ni asiyejua. Kaggia alijua. Aliijua njia ya kufikia mashamba kwa kuwa alikuwa ndani ya serikali. Alijua gharama ya kukataa kwa kuwa alionywa. Hapo ndipo unapotengana unyofu wa mtoto na unyofu wa mtu mzima. Mtoto hana hatia kwa sababu hajakutana na kishawishi. Mtu mzima hana hatia kwa sababu amekutana nacho ana kwa ana, akakijua kwa jina, akakipisha njia. Wa kwanza ni zawadi ya umri, nao huisha kama umande. Wa pili ni kazi ya kila siku, na ndio ninaouita uzuri wa ndani.

Nayasema haya kwa sababu Turkana ya leo si ile ya mwaka 1959. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, wengi wa waliofika mwanzo wakiwa vijana waliokimbia vita vya Sudan, na vizazi vimezaliwa humo. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika kaunti hii. Tangu 2013 Lodwar ni makao ya serikali ya kaunti yenye bajeti yake. Kwa maneno mengine, ghala limefunguliwa. Kijana anayeketi darasani leo ndiye atakayeandika orodha ya wanaostahili basari, ndiye atakayepima mgao wa chakula, ndiye atakayetia sahihi hati ya kisima ambacho ama kimechimbwa au hakikuchimbwa. Ameonja njaa na ukame, na wengine wameonja ukimbizi. Asidhani kwamba kuonja huko kumemkinga. Wengine walionja Lokitaung.

Sisi walimu tuna lawama yetu. Tunawafundisha wanafunzi kwamba uzuri wa mkakasi ukipata maji basi, wanaiandika methali hiyo katika insha, tunawapa alama. Kisha siku ya sherehe ya shule tunamkalisha mbele mgeni wa heshima ambaye kila mmoja, pamoja na sisi, anajua mali yake imetoka wapi. Mwanafunzi ana macho. Anajifunza kutokana na kiti cha mbele kuliko ubao. Tukitaka aamini kwamba moyo safi una thamani, basi siku moja na tumkalishe pale mbele mtunza ghala ambaye vitabu vyake havijawahi kupungua gunia, au msaga unga asiyepunja kipimo.

Na kwako, binti yangu wa Kakuma, ukilisoma gazeti hili: swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu la siku ile. Wenye magari watapewa salamu, na huenda wewe ukapitwa. Hilo siwezi kukuficha. Lakini siku moja utakabidhiwa funguo za kitu ambacho si chako, na hapatakuwa na mtu wa kukutazama. Ukitoka humo, itazame mikono yako kwanza kabla ya kukitazama kioo.