Laila Schou Nilsen: Binti wa miaka 16 aliyewapiku wote mlimani, dhahabu ikaenda kwa mwingine

Hebu vuta picha. Uko juu ya mlima, miguuni umefunga mbao mbili ndefu na nyembamba, mbele yako ni theluji tupu na mteremko wa zaidi ya kilomita tatu. Breki hakuna. Saa ikianza kuhesabu, unajiachilia, na anayefika chini kwa muda mfupi zaidi ndiye bingwa. Sasa ongeza hili: una miaka 16 tu, na huu hata si mchezo wako.

Huyo ndiye Laila Schou Nilsen, tarehe 7 Februari 1936, mjini Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani.

Najua theluji si mambo yetu. Wengi wetu tuliusikia mchezo wa ski mwaka 2018, Sabrina Simader alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini. Lakini hadithi ya Laila utaielewa hata kama barafu pekee unayoijua ni ile ya kwenye friji.

Laila alizaliwa Machi 18, 1919 katika jiji la Oslo, Norway, wakati huo likiitwa Kristiania. Huko mtoto hujifunza kuteleza kwenye barafu vile sisi tulivyojifunza kupiga mpira wa makaratasi. Yeye alikuwa moto wa kuotea mbali katika mbio za barafu, zile za kuvaa viatu vyenye chuma chembamba chini na kuzunguka uwanja kwa kasi. Mwaka 1935, akiwa bado kigoli, alishinda mashindano ya dunia ya wanawake yaliyofanyika kwao Oslo. Yalihesabiwa kuwa si rasmi, lakini kila mtu alikuwa ameshamwona.

Kwa hivyo Olimpiki ya 1936 ilipokaribia, ungedhani mambo yalikuwa yamenyooka. Wapi! Mbio za barafu kwenye Olimpiki zilikuwa za wanaume tu. Wanawake walikuwa wamepewa nafasi mwaka 1932 kule Lake Placid, Marekani, lakini kama maonyesho tu, bila medali. Mwaka 1936 hata maonyesho hayakuwepo. Laila alikuwa miongoni mwa wenye kasi zaidi duniani kwenye mchezo wake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu alikuwa msichana.

Angefanya nini? Kulia? Kukaa nyumbani asubiri wakubwa wabadilishe mawazo? Laila alitazama huku na kule akaona mlango mwingine uko wazi kidogo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, Olimpiki iliingiza mbio za ski za kuteremka milima, na wanawake waliruhusiwa. Akavua viatu vya barafu, akafunga ski.

Lakini kulikuwa na shida moja, na hapa ndipo penye utamu na uchungu wa hadithi hii. Mbio za kuteremka hazikuwa na medali yake. Siku ya kwanza mnateremka mlima moja kwa moja. Kisha mnakimbia slalomu, ile ya kupindapinda katikati ya vijiti. Alama zinajumlishwa, na medali zinatolewa kwa jumla. Ni kama mtihani wa karatasi mbili: ukipata A ya kwanza na ya pili ikuangushe, matokeo ni ya mwisho tu.

Wenyeji Wajerumani walikuwa na Christl Cranz, malkia wa ski wa enzi hizo, tayari bingwa wa dunia. Kila mtu alimtazama yeye. Cranz akateremka, akaanguka njiani, akainuka na kumaliza wa sita. Laila alishuka kama jiwe: dakika 5 na sekunde 4.4. Mjerumani Lisa Resch, aliyemfuata, alikuwa nyuma kwa sekunde nne. Cranz alikuwa nyuma kwa sekunde 19. Binti wa viatu vya barafu alikuwa ameshinda mbio za kwanza kabisa za wanawake za kuteremka mlima katika historia ya Olimpiki.

Kisha ikaja slalomu. Hapa kasi peke yake haitoshi, unahitaji ufundi wa miaka mingi, na Cranz alikuwa nao. Aliwaacha wenzake mbali sana, akafuta pengo lote na kuchukua dhahabu kwa alama 97.06. Mwenzake Käthe Grasegger akapata fedha kwa alama 95.26. Laila akabaki na shaba, alama 93.48.

Wala si yeye tu. Kwa wanaume, Mnorway mwenzake Birger Ruud naye alishinda mbio za kuteremka, halafu slalomu ikamshusha hadi nafasi ya nne kwa jumla. Angalau Ruud alikuwa na mchezo wake halisi, kuruka kwa ski, na huko akabeba dhahabu. Mchezo halisi wa Laila haukuwepo kwa wanawake.

Alirudi nyumbani, akavaa tena viatu vyake vya barafu. Mwaka 1937, kule Davos, Uswisi, akawa bingwa rasmi wa dunia na kuvunja rekodi. Ile ya mita 500, sekunde 46.4, ilidumu kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1938 akatetea taji lake Oslo. Ukimkosa kwenye barafu, ungemkuta kwenye tenisi, ambako alikuwa bingwa wa Norway mara nyingi.

Halafu vita. Aprili 1940 Wajerumani waliivamia Norway, na Olimpiki za 1940 na 1944 zikafutwa. Wanamichezo wengi wa Norway waligoma kushiriki mashindano yaliyosimamiwa na watu wa Hitler. Miaka bora ya Laila ikapita hivyo, bila Olimpiki.

Michezo iliporudi mwaka 1948 kule St. Moritz, Uswisi, mbio za kuteremka zilikuwa hatimaye zimepewa medali yake. Laila alikuwepo, sasa akiwa na miaka 28. Hakupata kitu. Dhahabu ilikwenda kwa Mswisi Hedy Schlunegger. Na mbio za barafu za wanawake? Zilianza kutolewa medali za Olimpiki mwaka 1960. Laila alikuwa na miaka 40.

Manze, hapo ndipo huwa nakwama. Tunaambiwa kila siku tutie bidii na mambo yatajipa. Laila alitia bidii, alikuwa na kipaji, na bado kila mlango ulifunguliwa akiwa ameshapita. Sisi tunaotafuta njia za pembeni baada ya kuacha chuo tunaijua hisia hiyo.

Lakini hakungoja. Alifariki Julai 30, 1998, akiwa na miaka 79. Ukisoma orodha ya washindi wa dhahabu wa Olimpiki, jina lake hulipati. Ukisoma muda wa siku ile moja ya Februari 1936, liko juu kabisa.